Maswali ya Wasomaji: Athens Ilimuulia Nini Socrates?

Barua za mwezi huu kutoka Malindi na visiwa vya Lamu zimemwelekea mtu mmoja: Socrates, mwanafalsafa wa Athens aliyenyweshwa sumu mwaka 399 KK akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa, kwa kuwa ndiyo inayozibeba nyingine.

SWALI: Assalaam aleikum. Nafundisha historia katika sekondari. Kitabu kimoja chasema Socrates aliuawa kwa kukana miungu, kingine chasema ni kisasi cha siasa, cha tatu chasema watu walichoshwa na maswali yake. Wanafunzi wananibana. Nishike lipi? (Mwalimu, Malindi)

JIBU: Wa aleikum salaam, Mwalimu. Shika yote matatu, ila usiyape uzito sawa.

Anza na kilichoandikwa. Hati ya mashtaka ilihifadhiwa katika nyaraka za mji kwa karne nyingi, na maneno yake yametufikia. Yasema kwamba Socrates ana hatia ya kutoitambua miungu inayotambuliwa na mji na ya kuingiza mambo mapya ya kiungu. Tena ana hatia ya kuwapotosha vijana. Adhabu inayoombwa ni kifo. Aliyeshtaki kwa jina lake ni Meletus, kijana asiyejulikana sana. Pamoja naye walisimama Lycon, msemaji wa hadharani, na Anytus, tajiri wa biashara ya ngozi na kiongozi mkubwa wa demokrasia. Nguvu ya kesi ilikuwa kwa Anytus.

Kisha waambie wanafunzi watazame tarehe. Socrates alikuwa akihoji watu sokoni kwa miaka mingi, na mwaka 423 KK Aristophanes alikwisha kumweka jukwaani katika mchezo wa vichekesho, akimwonyesha kama mtu anayefundisha hoja mbovu ziishinde hoja ya haki. Mji ulicheka, ukaenda zake. Ikiwa kosa lilikuwa maswali tu, mbona walingoja miaka 24 zaidi?

Kilichobadilika ni Athens yenyewe. Vita na Sparta, mji hasimu wa Ugiriki, vilianza 431 KK. Mwaka uliofuata tauni iliingia mjini, na 415 KK jeshi kubwa lilipelekwa kisiwa cha Sicily na halikurudi. Mwaka 404 KK Athens ilisalimu amri, ikavunjiwa kuta zake na kunyang'anywa karibu merikebu zote. Sparta ikaweka madarakani watu thelathini, ambao historia inawaita Madhalimu Thelathini. Walitawala miezi minane hivi, na hesabu iliyoachwa na waandishi wa kale ni kwamba waliua watu wapatao 1,500, wengine kwa ajili ya mali zao tu. Kinara wao alikuwa Critias. Charmides naye alikuwa upande wao, akafa pamoja na Critias vitani mwaka 403 KK. Wote wawili waliwahi kukaa na Socrates na kumsikiliza. Alcibiades, aliyeushawishi mji uende Sicily kisha akakimbilia kwa adui, alikuwa kipenzi wa Socrates hadharani. Baba aliyempoteza mwanawe Sicily, au aliyenyang'anywa nyumba na Thelathini, hakuhitaji kuelezwa "kuwapotosha vijana" maana yake nini.

Mbona basi hati haikumtaja Critias? Kwa sababu demokrasia iliporudi 403 KK, pande mbili ziliapa msamaha wa jumla: isipokuwa wakubwa wachache wa utawala ule, hakuna atakayeshtakiwa kwa maovu yaliyopita. Anytus mwenyewe alipoteza mali nyingi chini ya Thelathini na akajulikana kwa kukiheshimu kiapo hicho, hakumfungulia mtu kesi ya kurudishiwa. Kumshtaki Socrates kwa sababu ya Critias kungekuwa kuvunja kiapo. Shtaka la kuikosea miungu halikuguswa na msamaha. Miaka 54 baadaye, mwaka 345 KK, msemaji Aeschines aliwaambia waamuzi wa Athens waziwazi kwamba wao ndio waliomuua Socrates, kwa kuwa alionekana amemfundisha Critias. Alilitaja kama jambo linalojulikana na kila mtu, wala hakulitetea.

Hata hivyo, usiwaambie wanafunzi kwamba dini ilikuwa kisingizio kitupu. Kwa Mwathens, ibada ilikuwa kazi ya serikali: sadaka zilitolewa kwa niaba ya mji mzima, na miungu ikikasirika ingeadhibu mji mzima. Mwaka 415 KK, kabla tu ya meli kung'oa nanga kwenda Sicily, sanamu za mungu Hermes zilizosimama njiani zilivunjwa usiku mmoja. Msako uliofuata ulileta vifo na uhamisho. Baada ya tauni na kushindwa, wengi waliamini kwa dhati kwamba kuna mtu aliyeiudhi miungu. Na Socrates alikuwa akisema wazi kwamba tangu utotoni humjia sauti ya kiungu, inayomzuia anapotaka kutenda lisilofaa. Sauti hiyo haikuwa na hekalu, kuhani wala sikukuu. Aliisikia peke yake. Hicho ndicho hati ilichokiita mambo mapya ya kiungu.

La tatu, lile la maswali, nalo ni kweli. Rafiki yake Chaerephon alikwenda Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo, kumwuliza kahini kama yuko mwenye hekima kumpita Socrates, akajibiwa kuwa hakuna. Ili kulipima jibu hilo, Socrates aliwahoji wanasiasa, washairi na mafundi mbele ya watu, na vijana wakasimama kutazama wakubwa wakikosa majibu. Hayo yalimjengea chuki, na chuki peke yake isingemfikisha kwenye sumu.

Msimamo wetu ni huu: siasa iliwasukuma washtaki, dini iliwapa sheria ya kutumia, na tabia ya Socrates mwenyewe, kabla ya kesi na ndani ya kesi, iliwapa kura walizozihitaji. Na ili usimwonee, uwaambie na hili: mwaka 406 KK, akiwa zamu katika baraza la mji, alikataa kuruhusu majemadari wahukumiwe kwa pamoja kinyume cha sheria, huku umati wa kidemokrasia ukimpigia kelele. Na Thelathini walipomwamuru yeye na wengine wanne wakamlete Leon wa Salamis auawe, wanne walikwenda, yeye akarudi nyumbani kwake. Aliwakatalia wote wawili, demokrasia na madhalimu. Ni dhuluma kubwa kwamba mtu huyo ndiye aliyekuja kulipia makosa ya Critias.

SWALI: Nasikia alihukumiwa na watu mia tano. Hapakuwa na kadhi wala hakimu mmoja mwenye elimu ya kusimamia? (Msomaji, Mkomani, Lamu)

JIBU: Hapakuwa naye, na hapo ndipo penye shina la mengi yaliyoharibika.

Athens haikuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Raia yeyote mwanamume aliweza kushtaki kosa la umma. Meletus alimwendea Socrates akiwa na mashahidi, akamwita kwa mdomo afike siku fulani mbele ya ofisa aliyeitwa Mfalme. Jina tu hilo. Alikuwa raia aliyepatikana kwa kura ya bahati nasibu kushika kazi za dini kwa mwaka mmoja. Ofisa huyo alipokea hati, akasikiliza pande mbili, wote wakaapa, akaona kesi inafaa kwenda mbele. Siku ya kesi aliketi mwenyekiti tu. Hakuwa na mamlaka ya kufafanua sheria wala kumnyamazisha anayepotoka.

Waamuzi walitolewa katika orodha ya raia 6,000 wa mwaka huo, wote wanaume wenye umri wa miaka 30 na zaidi. Walilipwa oboli 3 kwa siku, yaani nusu drakma, wakati fundi alipata kama drakma 1. Kwa hiyo wazee na watu wa kipato kidogo walikuwa wengi. Kesi ya Socrates ilikuwa na waamuzi 500 au 501. Mshtaki husema, mshtakiwa hujibu mwenyewe bila wakili wa kumsemea, na muda hupimwa kwa saa ya maji. Wakimaliza, waamuzi hupiga kura ya siri papo hapo. Hawaendi faragha kujadiliana wala hawaulizi swali, na baada ya hapo hakuna rufaa.

Kesi nzima ilimalizika ndani ya siku moja. Socrates alililalamikia hilo mbele yao: alisema kuna miji mingine ambako kesi ya kifo huchukua siku kadhaa, na kama ingekuwa hivyo Athens, angeweza kuwashawishi.

Kura ya kwanza ilikuwa ya hatia. Kwa mujibu wa Plato, mwanafunzi wa Socrates aliyekuwamo ukumbini, kama kura 30 tu zingehamia upande wa pili Socrates angeachiliwa. Kwa waamuzi 500 hiyo ni 280 kwa 220: ukihamisha 30 zinakuwa sawa, na kura zikilingana mshtakiwa hushinda. Sheria pia ilimtoza mshtaki faini ya drakma 1,000 akikosa hata sehemu moja ya tano ya kura, yaani 100 kati ya 500. Socrates alimwambia Meletus kwamba zile kura zikigawanywa kwa washtaki watatu, yeye peke yake asingefika hapo. Gawa 280 kwa tatu utaona alikuwa sahihi.

SWALI: Kura zilikuwa karibu hivyo, mbona hakuomba faini akaponea? Watoto wake hakuwaonea huruma? (Mama wa watoto, Shela)

JIBU: Dada yetu, sheria ya Athens haikuweka adhabu maalumu kwa kosa lile. Baada ya kura ya hatia, mshtaki alitaja adhabu anayoitaka, mshtakiwa akataja yake, na waamuzi wakalazimika kuchagua moja kati ya hizo mbili. Hawakuruhusiwa kutunga ya katikati. Mfumo huo ulitegemea kwamba kila upande, kwa kuogopa kupoteza, utataja jambo la wastani. Kwa kawaida mshtakiwa wa kesi kama hii angetaja uhamisho, na sisi tunaona wengi wangeupokea kwa moyo mweupe. Rafiki zake nao walijua kwamba njia hiyo ilikuwa wazi.

Socrates hakuitumia. Alisema kwamba anachostahili kwa kuutumikia mji ni kulishwa bure katika jumba la serikali walikolishwa washindi wa Olimpiki. Waamuzi waliomtia hatiani dakika chache nyuma walisikia hayo kama dharau. Kisha akasema ana uwezo wa mina 1 ya fedha, ambayo ni drakma 100. Hapo rafiki zake Plato, Crito, Critobulus na Apollodorus wakamwambia ataje mina 30, wao watamdhamini. Hiyo haikuwa faini ndogo: Xenophon, mfuasi wake mwingine, ameandika kwamba mali yote ya Socrates, nyumba ikiwemo, ilikadiriwa kuwa mina 5. Lakini ilikuja imechelewa, baada ya maneno ya jumba la serikali. Diogenes Laertius, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema kura za kifo ziliongezeka kwa 80. Maana yake ni kwamba watu 80 waliomwona hana hatia walipiga kura auawe.

Wanawe walikuwa watatu, Lamprocles, Sophroniscus na Menexenus, na wawili walikuwa wangali wadogo. Desturi ilikuwa kuwapandisha watoto mbele ya waamuzi walie. Alikataa kwa sababu aliyoieleza: mwamuzi ameapa kuamua kwa sheria, na kumliza ni kumshawishi avunje kiapo chake. Xenophon anaongeza kwamba Socrates aliona afadhali kufa kabla uzee haujamla macho na masikio. Ila Xenophon wakati huo alikuwa Asia na jeshi la mamluki, akapata habari kwa mtu wa pili, kwa hiyo hapa tunamsikiliza Plato zaidi.

SWALI: Alikaa gerezani mwezi mzima baada ya hukumu. Kwa nini, na kwa nini hakutoroka? (Mwanafunzi, Malindi)

JIBU: Mwanangu, ilikuwa ni kwa ajili ya chombo. Kila mwaka Athens ilipeleka merikebu takatifu kisiwani Delos kwa heshima ya Apollo, na tangu kuhani alipoivisha shada la maua kwenye tezi, yaani nyuma yake, hadi iliporudi, mji haukuruhusiwa kuua mtu kwa hukumu. Shada lilivishwa siku moja kabla ya kesi. Pepo zikiwa mbaya safari ilirefuka, jambo ambalo msomaji wa pwani anayeijua kaskazi na kusi hahitaji kufafanuliwa. Xenophon anataja siku 30.

Kutoroka kulikuwa rahisi. Crito alikuwa na fedha tayari, mlinzi alikwisha kuzoea kumfungulia, na kulikuwa na wenyeji wa kumpokea Thessaly. Socrates alimjibu kwamba ameishi miaka 70 chini ya sheria za Athens, angeweza kuhama wakati wowote na hakuhama, na angeweza kuomba uhamisho mbele ya mahakama na hakuomba. Kuukimbia uamuzi baada ya kushindwa kesi kungekuwa kuyavunja makubaliano hayo kwa upande mmoja.

SWALI: Sumu yenyewe ilikuwa nini, na je, huota huku kwetu? (Muuza viungo, Langoni, Lamu)

JIBU: Ni mmea ambao wataalamu huuita Conium maculatum. Asili yake ni Ulaya, Asia ya magharibi na Afrika ya kaskazini, na hupenda udongo wenye unyevu na hali ya hewa ya baridi kiasi. Mchanga na joto la pwani yetu haviufai. Hufika urefu wa mita 2 hivi. Shina lake ni tupu ndani, laini, lenye madoa ya zambarau. Majani yamechanika kama ya karoti, maua ni meupe na hukaa kama mwavuli uliokunjuliwa, na ukiyaponda majani yanatoa harufu ya panya.

Swali lako ni zuri kwa sababu mmea huu ni jamaa ya unavyouza: giligilani, uzile na karoti ni wa ukoo huohuo. Vya dukani kwako havina sumu hiyo. Hatari ipo kwa mtu anayechuma porini, katika nchi za baridi, akidhani ameona karoti mwitu. Mmea wote una sumu, kuanzia mizizi hadi mbegu, na kuukausha hakuiondoi yote.

Kiini cha sumu kinaitwa koniini. Hukata mawasiliano kati ya neva na misuli, ubongo ukibaki macho. Ndiyo maana maelezo ya Plato yanaaminika: Socrates aliambiwa atembee mpaka miguu iwe mizito, akalala chali, mtumishi akamfinya wayo akauliza kama anahisi, akasema hapana, ganzi ikapanda miguuni hadi kiunoni. Kinachoua hasa ni misuli ya kupumulia kushindwa. Wako waliodai kwamba Plato alipamba kifo kiwe cha utulivu, kwa kuwa wanasoma kuhusu degedege na matapishi. Mara nyingi wanachanganya na mmea mwingine wa ukoo huo, Cicuta, ambao ndio unaoleta degedege. Hakuna dawa maalumu ya kuizima koniini. Aliyeila hupelekwa hospitali upesi asaidiwe kupumua mpaka mwili uitoe.

Sumu hii haikuwa ya bei rahisi. Phocion, jemadari wa Athens, alipohukumiwa mwaka 318 KK dawa iliisha, na mnyongaji akakataa kusaga nyingine mpaka alipwe drakma 12.

SWALI: Tunataka kuigiza kesi hii shuleni. Tuifanyeje iwe karibu na ukweli? (Mwalimu wa chama cha midahalo, Lamu)

JIBU: Mwalimu, chukua waamuzi 51, idadi isiyogawanyika kwa mbili. Wakikosekana, 31 watatosha. Wachague asubuhi ileile kwa kura ya bahati nasibu, wasijue jana yake, kwa kuwa huko baadaye Athens ilifanya hivyo kuzuia rushwa.

Saa ya maji iliyochimbuliwa katika soko la kale la Athens ilichukua lita 6.4 na kumalizika kwa dakika 6 hivi. Nyinyi tumieni mtungi wa plastiki wa lita 5 uliokatwa juu, mtoboe tundu la milimita 6 chini kabisa ubavuni, na upimeni kwa saa ya simu: utatoa kama dakika 5. Anza na tundu dogo ulipanue kidogo kidogo, kwani likishakuwa kubwa halirudi. Chuja maji kwa kitambaa, maana punje moja ya mchanga huziba tundu na kumpa msemaji mmoja muda wa bure. Waonye wasemaji pia: maji yanapokuwa mengi hutoka kwa kasi, hivyo nusu ya kwanza huisha kwa dakika moja na nusu tu, na nusu ya pili huchukua tatu na nusu. Anayeona mtungi umefika nusu akababaika, anaiharibu hotuba yake bure.

Mpe kila upande mitungi mitatu kwa hatia, na mmoja kwa adhabu. Meletus, Anytus na Lycon wagawane yao. Socrates asimame peke yake. Mkatazeni yeyote kumtaja Critias kama shtaka. Anaruhusiwa kudokeza tu, na wanafunzi watajifunza hapo jinsi kesi inavyoweza kuendeshwa kwa jambo ambalo halitajwi.

Kwa kura, kila mwamuzi apewe vipande viwili vya urefu mmoja, mrija mtupu na kijiti kizima. Karne iliyofuata Waathens walitumia visahani vya shaba vyenye kishikio kitupu kwa mshtaki na kizima kwa mshtakiwa. Mwamuzi hukishika kwa kidole gumba na cha shahada ili ncha zisionekane, akatia anachokitaka katika chombo cha kuhesabiwa na kilichobaki katika chombo cha pili. Simamisha mtu kwenye kila chombo, kwa sababu kosa la kawaida ni mwanafunzi kutia vyote viwili mahali pamoja. Hesabu hadharani, kisha endeleeni na adhabu papo hapo bila mapumziko, na msiwaruhusu waamuzi kunong'onezana hata kidogo. Wakilalamika kwamba adhabu mbili walizopewa zote hazifai, wajibu kwamba sheria haina ya tatu, na wapige kura.